Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay, Fundi wa Ziwa Letu



Katika kijitabu hiki mtapata ratiba ya siku, orodha ya kwaya zilizoalikwa na majina ya wenzetu waliotutangulia. Kamati ya jubilei ilituomba pia tuandike maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye kwaya inaweza kujifunza kutoka kwake. Baadhi yetu walitaka mtunzi wa nyimbo. Tulijadiliana jioni mbili, na mwisho tukamchagua mtu ambaye hakujulikana kwa sauti yake hata kidogo. Ni Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, aliyefanya kazi kando ya Ziwa Victoria kuanzia 1878 hadi alipofariki mwaka 1890.

Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwaya yetu ni kwaya ya watu wa kazi. Jumatatu hadi Jumamosi tuko shambani na jembe, kwenye cherehani, kwenye gereji, darasani, juu ya bodaboda, au sokoni tukiuza njugu na viazi vitamu. Mara nyingi tumemsikia kijana akisema kwamba anamtumikia Mungu Jumapili, siku nyingine anatafuta unga. Mackay hakuigawa juma hivyo. Sababu ya pili ni nzito kidogo, nayo tutaifikia mbele.

Mtoto wa mchungaji

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland na msomi wa jiografia. Alimfundisha mwanawe nyumbani mpaka akafika umri wa miaka 14. Wazazi walitumaini kwamba mtoto naye atakuwa mchungaji, lakini mtoto alipenda kukaa kwa mhunzi na kwa seremala. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea maili nyingi hadi kituo cha treni ili alitazame gari moshi kwa dakika chache tu linaposimama, kisha anarudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alifariki Mackay akiwa bado kijana, akamwachia Biblia na sharti la kuisoma.

Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akaingia uhandisi. Asubuhi alifundisha shule apate karo, mchana alifanya kazi kwenye karakana ya mitambo. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa mjini Berlin kama mchoraji wa mitambo, yaani mtu anayebuni mashine na kuichora karatasini kabla mafundi hawajaanza kukata chuma. Huko alibuni mashine ya kilimo iliyopata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya mjini Breslau. Kampuni ilimpandisha cheo, akawa mkuu wa idara ya magari moshi. Alikuwa hajafikisha miaka 27, na njia ya utajiri ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini alikuwa tayari amejiwekea nia nyingine. Alitaka kuwa mmisionari bila kuacha uhandisi. Wakati huo wengi waliona mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Mmisionari alikuwa mhubiri au daktari, na fundi alikuwa fundi.

Safari ya kuja ziwani

Mnamo Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Henry Morton Stanley. Iliwaita wamisionari waende Buganda, kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, na ilisema wanaohitajika ni watu wanaoweza kufundisha kazi za mikono pamoja na neno. Chama cha wamisionari wa Kanisa la Anglikana, CMS, kikakusanya kikundi cha watu wanane. Mackay alikuwa mdogo kuliko wote. Katika hafla ya kuagana aliwaambia wakuu wa chama kwamba huenda ndani ya miezi sita wangesikia mmoja wao amekufa, na kwamba habari hiyo ikifika wasikate tamaa, wamtume mwingine mara moja. Walifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, mjenzi wao alikuwa amekwisha kufariki.

Mackay mwenyewe aliugua sana njiani, huko Ugogo, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu hakukaa kungoja. Mwaka 1877 aliongoza kazi ya kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban kilomita 370, kwa mashoka na majembe, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Barabara ilipita, lakini ng'ombe wengi waliuawa na mbung'o. Sisi tunaojua maana ya kupoteza ng'ombe wa plau wakati wa kulima tunaweza kupima uchungu huo.

Wakati huohuo habari mbaya zilitoka ziwani. Daktari wa kikundi, John Smith, alifariki kwa ugonjwa mwaka 1877. Mwezi Desemba mwaka huo Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa Ukerewe katika vita visivyowahusu. Mackay alipofika kusini mwa ziwa katikati ya mwaka 1878, alikuta mashua yao, iliyoitwa Daisy, imeharibika na mbao zake zimeoza. Akaanza kuikarabati. Waliposafiri, dhoruba iliitupa pwani ya magharibi na kuivunja. Mackay aliikata mashua katikati, akachukua mbao za kati akazitumia kutengeneza mbele na nyuma, kisha akaunganisha vipande viwili vikawa mashua fupi. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki nane. Wavuvi wa Homa Bay wanaosoma ukurasa huu watatuambia kama wangethubutu kupanda chombo kama hicho. Yeye alikipanda, na Novemba 1878 akafika katika ua wa Kabaka.

Kazi ya Natete

Misheni ilipewa mahali panapoitwa Natete, karibu na mji mkuu wa Kabaka. Hapo Mackay alijenga karakana yenye tanuri, nyundo, tupa na jiwe la kunolea. Watu walikuja kutazama, na waliokuja kutazama wakabaki kujifunza. Aliwafundisha vijana useremala na uhunzi. Alilima bustani pamoja nao ili misheni ijilishe. Alichimba kisima na kukifungia pampu, watu wakashangaa kuona maji yanapanda kutoka ardhini. Alitengeneza gari la kukokotwa na ng'ombe. Aliwapa wagonjwa dawa, ingawa hakuwa daktari. Ndipo akapata jina ambalo limebaki hadi leo, Mzungu wa kazi.

Tukumbuke pia lugha iliyowaunganisha mwanzoni. Katika ua wa Mutesa wengi walijua Kiswahili, kwa sababu ya biashara ya pwani. Mackay aliwasomea Injili kwa Kiswahili, akitumia tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Kwa hiyo lugha tunayoimbia leo ndiyo iliyopeleka neno Buganda kabla halijachapwa kwa Luganda.

Wasomaji walipozidi, karatasi hazikutosha. Palikuwa na matbaa ndogo ya mkono, lakini herufi zilikuwa chache. Mackay akakaa na kisu, akachonga herufi za mbao moja baada ya nyingine. Herufi ya kuchapa huchongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili karatasi ikigandamizwa isomeke sawa. Kwa herufi hizo alichapa karatasi za alfabeti, sala na vifungu vya Maandiko. Baadaye yeye na wenzake walitafsiri Injili ya Mathayo kwa Luganda na kuanza kuichapa. Kila mwanakwaya anayefungua kitabu cha nyimbo leo na amkumbuke mtu aliyekuwa akipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye herufi moja ili aanze nyingine.

Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera alimletea Mackay barua ya kuomba ubatizo, aliyoiandika kwa kalamu ya unyasi uliochongwa ncha. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza wa misheni hiyo walibatizwa. Sembera alikuwa mmoja wao, naye akachagua kuitwa Sembera Mackay.

Mwaka huo huo mama yake Kabaka, Namasole Muganzirwazza, alifariki. Mutesa alitaka azikwe kwa heshima ambayo haijawahi kuonekana, akamwita Mackay atengeneze jeneza. Majeneza yalikuwa matatu, moja ndani ya jingine, la kati likiwa la shaba iliyopatikana kwa kufua vyombo vya ua wa mfalme. Alifanya kazi karibu mwezi mzima, mchana na usiku, na nguo zilizozikwa pamoja na Namasole zilikuwa nyingi mno. Ufundi ulisifiwa na kila mtu. Hata hivyo Mutesa hakubatizwa, wala hakuacha njia zake. Mackay alijifunza kwamba mfalme anaweza kuipenda nyundo ya fundi bila kumsikiliza fundi mwenyewe.

Ulimi wake

Sasa tufike kwenye sababu ya pili tuliyoitaja. Tungeweza kuiruka, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Lakini kwaya inayosimulia mazuri tu ya mtu haijamweleza.

Mwaka 1879, miezi michache baada ya Mackay kufika, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe nao walifika Buganda, miongoni mwao Padre Siméon Lourdel, Mfaransa. Mackay hakuwapokea kwa moyo mkunjufu. Alikuwa mtu wa maneno makali, na Lourdel naye alikuwa hivyo. Walibishana mbele ya Mutesa kuhusu Papa, kuhusu Maria, kuhusu nani ana dini ya kweli. Ibada ya Waanglikana ilipofanyika uani, Lourdel alikataa kupiga magoti, akasema hadharani kwamba mafundisho yale ni ya uongo. Mutesa aliwatazama wote wawili, akauliza atajuaje ukweli ikiwa kila mzungu ana dini yake.

Swali hilo halikupata jibu. Waganda waliosoma kwa Mackay na waliosoma kwa Lourdel wakawa makundi mawili, wakaitwa Wangereza na Wafransa, kana kwamba Injili ni bendera. Tarehe 24 Januari 1892, karibu miaka miwili baada ya Mackay kufa, makundi hayo yalipigana kwa bunduki huko Mengo, Mkristo na Mkristo. Siasa na wakoloni walikuwa na sehemu kubwa katika vita hivyo, na hatusemi kwamba Mackay alivianzisha. Tunasema kwamba mikono iliyochonga herufi kwa uvumilivu ilikuwa na jirani asiye mvumilivu, nao ni ulimi, na kwamba waliolipa hawakuwa wazungu wawili waliobishana.

Miaka ya machozi

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana wa miaka 16 hivi. Hofu ilikuwa nyingi uani. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yakinyakua nchi za pwani, na wengi waliona wasomaji ni jicho la wageni. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega. Lugalama alikuwa bado mtoto. Mackay alijaribu kuwaombea, akashindwa. Vijana wale alikuwa amekula nao na kufanya kazi nao kila siku.

Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington alikuja kwa njia mpya, akipita nchi ya Wamaasai na Kavirondo, yaani huku kwetu magharibi mwa Kenya. Watu wa Buganda waliamini kwamba adui atakayekula nchi yao atatokea upande wa mashariki. Mackay na wenzake walijua hatari hiyo, wakatuma onyo, lakini askofu alikuwa amekwisha kuanza safari. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Tarehe 3 Juni 1886 wengi waliteketezwa kwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Waliofundishwa na walimu waliogombana walikufa mahali pamoja, kwa moto mmoja.

Mackay aliomba ruhusa ya kuondoka, lakini Mwanga hakumwachia upesi, kwa kuwa alimtaka kwa kazi zake za mikono. Mchana alifua vyuma vya Kabaka, usiku alichapa karatasi na kuwapokea wasomaji waliokuja kwa siri gizani. Julai 1887 ndipo aliondoka.

Usambiro

Hakurudi Ulaya. Alivuka ziwa hadi Usambiro, upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akaanza upya. Alichoma matofali, akapasua mbao, akajenga nyumba, akaendelea kutafsiri na kuanza kutengeneza chombo kipya cha kusafiria ziwani. Kwa miaka yake yote alikemea biashara ya watumwa, na aliandika Ulaya akihimiza ijengwe reli kutoka pwani hadi ziwani, akiamini kwamba mizigo ikipanda treni, watu hawatafungwa minyororo waibebe.

Mwaka 1888 vita vya ndani vilipozuka Buganda, wamisionari wote walifukuzwa. Waliwekwa katika mashua moja, Waanglikana pamoja na Lourdel na wenzake. Ziwani kiboko aliipasua mashua hiyo, na vijana kadhaa waliokuwa nao wakazama. Walionusurika, wa pande zote mbili, waliitengeneza pamoja na kuendelea na safari pamoja. Tunajiuliza Mackay aliwaza nini habari hizo zilipomfikia Usambiro.

Mwaka 1889 Stanley, yuleyule ambaye barua yake ilimwita, alipita Usambiro na msafara wake, wakapumzika kwa Mackay karibu wiki tatu. Chama kilikuwa kikimwomba arudi nyumbani apumzike. Alikuwa na miaka 13 Afrika bila likizo, bila mke, bila mtoto. Alikataa, akisema waje wengine kwanza. Mapema Februari 1890 malaria ilimshika. Siku chache baadaye, tarehe 8 Februari, alifariki akiwa na umri wa miaka 40. Padre Lourdel naye alifariki Rubaga tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Mahasimu wawili walifuatana kaburini katika muda wa miezi mitatu. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yaliletwa Kampala, yakazikwa Namirembe, kwenye kanisa kuu.

Na sisi wa Rangwe

Reli aliyoiombea ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1906 wamisionari wa CMS kutoka Uganda walianza kituo cha Maseno, na mwaka huohuo Waadventista walianza Gendia, karibu na Kendu Bay. Kanisa la Anglikana huku Nyanza lilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Uganda hadi 1921. Kwa hiyo maji tunayokunywa yalipita Natete kabla ya kufika kwetu.

Vitu vingi alivyotengeneza Mackay vimekwisha. Mashua ilioza, gari likavunjika, majeneza yamo ardhini. Wale aliowafundisha kusoma waliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine tena, na mnyororo huo haujakatika. Tunawaambia vijana wetu kwamba sare mtakazoziona leo zilishonwa na wanakwaya, jukwaa lilipigiliwa na fundi wa sauti ya besi, na chakula kimetoka kwenye mashamba ya akina mama wa soprano. Huo nao ni wimbo wetu, na tunauhesabu katika ratiba.

Lakini tunawaambia pia habari za ulimi. Kwaya yetu haikufika jubilei bila ugomvi. Palikuwa na wakati ambapo nusu yetu hatukuja mazoezini, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kuhusu nani aongoze na nani ashike pesa. Baadhi ya waliotoka wakati huo hawakurudi, na wengine wamelala udongoni kabla hatujawaomba msamaha. Tunaposoma habari za Mackay na Lourdel tunajitambua, na hatucheki.

Ndiyo maana kwenye orodha ya leo mtaona kwaya za Wakatoliki, majirani zetu wa upande wa Asumbi, na Waadventista, na ndugu zetu wa Legio Maria. Matangani tumezoea kuimba pamoja. Usiku wa kukesha hakuna anayeuliza wimbo umetoka kitabu gani, mradi mfiwa afarijiwe. Tumeona si vizuri msiba utupatanishe na furaha ituache mbalimbali.

Mwisho wa ibada, kabla ya chakula, kwaya zote zitasimama pamoja na kuimba wimbo mmoja. Mazoezi yake yamekuwa magumu, maana kila kanisa lina mwendo wake na hakuna aliyependa kuuacha. Mkituona tumesimama mstari mmoja na kuanza kwa pumzi moja, jueni ni kazi iliyofanywa kwa mikono, taratibu, kama kuchonga herufi ya mbao. Tukikosea mahali, tuvumilieni, kisha mwimbe nasi.